Vichekesho vya Waingereza: tusinakili sura, tuandike darasa letu wenyewe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, lakini limenikaa moyoni tangu likizo ya Aprili, wajukuu wangu walipokuja kukaa nami hapa Buruburu na kila jioni baada ya chajio tukawa tunatazama vichekesho vya zamani vya televisheni ya Uingereza pamoja na matoleo mapya yaliyotokana navyo. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye yuko chuo kikuu, aliniletea The Office akiniambia kuwa ni kazi ya Wamarekani. Nilipomweleza kuwa ilizaliwa Uingereza hakuamini, mpaka alipoitafuta ile ya kwanza tukaitazama yote kwa siku tatu. Tangu hapo mjadala haukuisha nyumbani, na kadiri tulivyoendelea kutazama ndivyo nilivyozidi kusadiki kuwa kuna jambo ambalo watayarishaji wetu wa vipindi vya Kiswahili wanapaswa kulifikiria kwa makini.

Nieleze kwanza nilivyokutana na vichekesho hivi. Wa rika langu wanaikumbuka Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilirudia jina lake la zamani la KBC. Katika ploti tuliyoishi wakati huo kulikuwa na televisheni moja tu, Great Wall isiyo na rangi, mali ya jirani fundi wa magari ambaye hakumfungia mtu mlango. Tulikwenda kwake kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani, na ilipofika zamu ya Mind Your Language hatukuondoka. Hapo ndipo nilipoona wazee ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha wakicheka mpaka machozi kwa kipindi cha Kiingereza kitupu. Hawakufuata kila neno. Walichokifuata ni hali yenyewe: watu wazima, wenye kazi na familia, wamekalishwa kwenye madawati kama watoto wakiamriwa kurudia sentensi. Hali hiyo tuliijua sana. Wengi wetu shuleni tulivishwa shingoni kibao tulichokiita monto, kwa kosa la kusema lugha ya mama, na kila aliyekivaa alijua maana ya kuaibishwa kwa sababu ya ulimi wake. Nitarudi kwa kipindi hicho baadaye, maana ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu.

Kuhusu The Office, toleo la Uingereza liliandikwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant, likaanza kuonyeshwa na BBC Julai 2001, na likamalizika mwaka 2003 likiwa na sehemu 14 tu. Ni habari za ofisi ya kampuni ya karatasi katika mji wa Slough, chini ya meneja anayedhani kuwa wafanyakazi wake wanampenda na kumwona mcheshi. Toleo la Marekani lilianza katika NBC Machi 2005, ofisi ikahamishiwa Scranton, Pennsylvania, na hadi linafungwa mwaka 2013 lilikuwa limefikisha sehemu 201. Kinachonivutia ni kilichotokea mwanzoni. Sehemu ya kwanza kabisa ya Wamarekani ilifuata mswada wa Waingereza karibu neno kwa neno, nayo ilipwaya kama koti la kuazima. Ni kuanzia msimu wa pili, waandishi wakiongozwa na Greg Daniels walipompa meneja wao wema kidogo, upweke unaoonekana, na hata kipaji halisi cha kuuza karatasi, ndipo kazi hiyo iliposimama kwa miguu yake. Mjukuu wangu hupenda zaidi ile ya Scranton. Mimi nimebaki na ile ya Slough, kwa sababu ya ule ukimya unaofuata mzaha uliokosa wa kuucheka, ukimya ambao waigizaji wanauachia ukae mpaka mtazamaji mwenyewe anajikunyata kitini. Hata hivyo, sote wawili tulikubaliana kwamba Wamarekani walifanikiwa siku walipoacha kuigiza Slough.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa zamani kidogo. Mwaka 1962 BBC ilianza kuonyesha Steptoe and Son, iliyoandikwa na Ray Galton na Alan Simpson. Baba na mwana wanaishi katika kiwanja kilichojaa takataka mjini London, wakizunguka na mkokoteni wa farasi kukusanya vitu vikuukuu. Mwana, ambaye umri unampita, anatamani kuondoka, kusoma, kuoa na kuwa mtu mwingine, lakini kila anapofunga virago baba yake anapata hila ya kumrudisha. Kuna vicheko vingi, na chini ya vicheko kuna maumivu ambayo sijayaona katika vichekesho vingi vya leo. Miaka kumi baadaye, Januari 1972, NBC iliichukua hadithi hiyo na kuipeleka Watts, mtaa wa watu weusi mjini Los Angeles, ikaiita Sanford and Son. Mkokoteni wa farasi ukawa lori bovu. Baba akawa Redd Foxx, ambaye kila akitaka kumzuia mwanawe hushika kifua na kumwita marehemu mkewe, Elizabeth, amjulishe kuwa yuko njiani kumfuata. Waswidi nao waliwachukua baba na mwana hao wakawahamishia Göteborg. Kazi moja imeishi katika miji mitatu na lugha mbili bila kuonekana mgeni popote, kwa sababu kilichohamishwa ni fundo lile la baba asiyeweza kuishi bila mwana na mwana asiyeweza kuishi na baba. Mavazi, utani, chakula, jinsi ya kuomba na jinsi ya kutukana, vyote vilitafutwa upya pale pale hadithi ilipofikia.

Nilipokuwa nikitazama nilimfikiria mzee na mwanawe wanaosukuma mkokoteni wa vyuma vikuukuu kutoka Kariobangi hadi Gikomba. Wapo, nawaona kila wiki. Mazungumzo yao hayajaandikwa na mtu.

Lakini si kila kichekesho hukubali kuhamishwa bila kuleta mashaka yake. Till Death Us Do Part ya Johnny Speight, iliyoanza kama mfululizo mwaka 1966, ilimweka mbele ya taifa Alf Garnett, mfanyakazi wa London Mashariki mwenye chuki kwa wageni, kwa vijana, kwa kila kisichofanana naye. Norman Lear aliichukua akatengeneza All in the Family, ambayo CBS ilianza kuionyesha Januari 1971 na ambayo kwa misimu mitano mfululizo iliongoza kwa watazamaji nchini Marekani. Nia ya waandishi wote wawili ilikuwa mtu huyo achekwe. Hata hivyo walikuwapo watazamaji waliomshangilia, wakamwona ndiye msema kweli. Hatari hiyo haiwezi kuondolewa kabisa, nami sidhani kuwa ni sababu ya kutoandika. Ila ni sababu ya mwandishi kujiuliza, katika kila ukurasa, kicheko kinamwangukia nani.

Swali hilo ndilo linalonifanya niipende Fawlty Towers kuliko nyingine zote. John Cleese na Connie Booth waliandika sehemu 12 tu, sita mwaka 1975 na sita mwaka 1979, baada ya Cleese kulala katika hoteli moja mjini Torquay mwaka 1970 na kuona jinsi mwenye hoteli alivyowachukia wageni wake. Ndani yake yumo Manuel, mhudumu kutoka Barcelona ambaye Kiingereza chake hakijakomaa na ambaye tajiri wake, Basil, humpiga na kumfokea kila mara. Mtu angeweza kudhani kuwa anayechekwa ni Manuel. Tazama vizuri: Manuel anajitahidi, anasikiliza, anataka kujifunza. Anayezama ni Basil, mwenye lugha, mwenye nyumba, mwenye cheo, anayeangushwa na majivuno yake mbele ya wageni anaotaka kuwapendeza. Wamarekani walijaribu mara tatu kuitengeneza upya. Mwaka 1983 waliitengeneza kwa jina Amanda's, wakamwondoa Basil kabisa na kumweka Bea Arthur, mwigizaji hodari, awe mwenye hoteli peke yake. Haikudumu. Mtu hawezi kung'oa nguzo ya katikati halafu akashangaa paa likilala chini. Yaani upo uhuru wa kubadilisha, na upo mpaka wake: shati libadilishwe, uti wa mgongo ubaki.

Waingereza wenyewe nao wamekosea katika hili. Mwaka 2016, BBC ilipoadhimisha miaka 60 tangu Hancock's Half Hour kuingia katika televisheni, iliagiza vichekesho kadhaa vya zamani viigizwe upya. Are You Being Served? ilirudi kwa sehemu moja ikiwa na duka lile lile, wahusika wale wale, na waigizaji wapya waliojitahidi kusema kama marehemu walivyosema. Niliitazama kwa huzuni. Kila mwigizaji alikuwa na kivuli nyuma yake, nasi tulikuwa tukikitazama kivuli. Porridge ilifanya vizuri zaidi kwa sababu waandishi wake wa awali, Dick Clement na Ian La Frenais, hawakumfufua mfungwa wa zamani aliyeigizwa na Ronnie Barker, bali walimfunga mjukuu wake kwa kosa la kisasa la kuingilia kompyuta. Mwaka 2017 ikapata msururu wa sehemu sita, kisha ikaachwa.

Kuna uigizaji upya mmoja ambao naukubali kwa moyo mweupe, ingawa ni wa kunakili moja kwa moja. Dad's Army, habari za wazee waliojitolea kulinda mji wao mdogo wa pwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilionyeshwa kati ya mwaka 1968 na 1977 na kufikisha sehemu 80. Tatu kati ya hizo zimepotea, kwa kuwa BBC wakati huo ilikuwa na desturi ya kufuta kanda ili zitumike tena. Mwaka 2019 sehemu hizo tatu ziliigizwa upya kutokana na miswada iliyosalia. Waigizaji hao wapya hawakushindana na wa kale. Waliziba pengo, kama mjukuu anayesimulia hadithi ya babu kwa sababu sauti ya babu haipo tena. Toleo la sinema la mwaka 2016, lenye waigizaji wenye majina makubwa, halikuwa na udhuru huo, nami sikuona lilitengenezwa kwa nini.

Habari ya kanda zilizofutwa ilinikosesha usingizi. Benson Wanjau, aliyetuchekesha miaka mingi kwa jina la Mzee Ojwang, alituacha Julai 2015. Mary Khavere, Mama Kayai wetu, alikuwa naye katika Vitimbi tangu enzi zile za Great Wall ya jirani. Ni saa ngapi za kazi yao zimehifadhiwa mahali ambapo joto na unyevu havifiki, na ni ngapi zilirekodiwa juu yake taarifa za habari? Ninaiuliza KBC kwa heshima, kwa kuwa ndiyo iliyotulea, na ninaomba jibu litolewe hadharani. Kijana anayetaka leo kuandika kichekesho cha Kiswahili anaweza kuzipata sehemu zote 12 za Fawlty Towers kwa simu yake akiwa katika matatu, akizisoma kama fundi anavyosoma injini, lakini akitaka kujifunza jinsi Mzee Ojwang alivyokuwa akichelewesha jibu kwa nusu pumzi kabla ya kumshushia mtu neno, atapata vipande vipande tu ambavyo watazamaji wamevihifadhi wenyewe.

Nikirudi kwenye matoleo mapya, wapo watakaosema kuwa dawa ni kununua haki za kichekesho kizuri cha Waingereza na kukitafsiri kwa Kiswahili. Ninakubali nusu. Chukua Yes Minister ya Antony Jay na Jonathan Lynn, iliyoanza mwaka 1980, ambayo Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wakati huo, alisema wazi kuwa anaipenda. Inamhusu waziri anayeingia wizarani na mipango yake, na katibu mkuu, Sir Humphrey, anayeizima kwa sentensi ndefu zenye adabu kamili. Wahindi waliihamisha mwaka 2001 kwa jina Ji Mantriji, kwa Kihindi, Farooq Sheikh akiwa waziri, na nchini kwao ilikubali kwa sababu mfumo wao wa mawaziri na watumishi wa umma ulirithiwa kwa Waingereza na bado unafanana nao. Hapa kwetu haitakubali kwa tafsiri. Katiba ya 2010 ilimwondoa waziri bungeni. Naye katibu katika wizara huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, kwa hiyo si yule mtumishi wa kudumu anayewaona mawaziri wakija na kuondoka kama mvua za vuli. Mwandishi atakayemwachia Sir Humphrey kiti chake katika jumba la wizara mtaani Upper Hill atakuwa ameandika kuhusu London kwa majina ya Nairobi. Fundo lenyewe, la aliyechaguliwa kutojua na aliyeajiriwa kutosema, lipo Kenya, lakini limehamia kwenye kaunti zetu 47, kati ya gavana, madiwani wa bunge lake na karani anayejua kila faili lilipo. Ni huko lifuatwe. Na Kiswahili cha ofisi, chenye "kwa mujibu wa" na "kwa kuzingatia" zake, ni chombo kinachomngoja Sir Humphrey wetu kwa hamu.

Sasa nirudi kwenye Mind Your Language. Iliandikwa na Vince Powell, ikaanza kuonyeshwa na London Weekend Television mwishoni mwa Desemba 1977. Mwalimu Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anafundisha Kiingereza jioni kwa wageni mjini London: Ranjeet Singh anayeomba radhi elfu moja kwa kila kosa, Ali Nadim, Jamila na ufumaji wake, Giovanni, Juan, Max, Danielle, Anna, Taro, Chung Su-Lee. Mwaka 1979 ilikatizwa, na aliyeikatiza, Michael Grade, alieleza kuwa aliona aibu kwa jinsi ilivyowachora watu wa mataifa mengine. Katika nchi nyingi za Afrika na Asia iliendelea kupendwa, na hapa Nairobi bado kuna watu wanaoweza kuzisema sehemu zake kwa ghibu.

Nilijadiliana na wajukuu wangu kuhusu uamuzi wa Grade kwa muda mrefu, na sikubadilisha mawazo kwa urahisi, kwa sababu kipindi hicho kilinipa furaha wakati furaha ilikuwa adimu. Lakini binti yangu aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: katika sehemu zote hizo, ni mara ngapi mwanafunzi anajua jambo ambalo mwalimu halijui? Tulitazama tena tukihesabu. Ni chache mno. Ranjeet ni kilemba na Anna ni sauti ya amri, na baada ya saa nzima bado hatujui anachokiota mmoja wao usiku. Majirani zetu wa asili ya Kihindi hapa Nairobi, ambao baadhi yao wazazi wao walizaliwa Ngara na Pangani, walicheka nasi miaka ile. Mmoja wao, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniambia mwezi uliopita kwamba kesho yake shuleni wenzake walimsalimu kwa lafudhi ya Ali, na kwamba alicheka kwa sababu hakuwa na la kufanya. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Nampa Grade haki yake, ingawa namwonea huruma pia Powell, ambaye aliliona jambo kubwa, kwamba watu wasio na lugha moja wanaweza kuwa familia ndani ya chumba kimoja, kisha akalijengea kuta za karatasi.

Wamarekani walilitengeneza upya wazo hilo mwaka 1986 kwa jina What a Country!, likakaa msimu mmoja. Wahindi walifanya busara zaidi. Mwaka 1993 walitoa Zabaan Sambhalke, ambamo Pankaj Kapur ni msomi wa uhandisi aliyekosa kazi ya fani yake akalazimika kufundisha Kihindi. Darasani mwake wamo wageni kutoka nje, na wamo pia Wahindi wenyewe kutoka majimbo mbalimbali wasiokijua Kihindi vizuri. Mageuzi hayo mawili yanatosha kuibadilisha hadithi yote: mwalimu ana jeraha lake, na mwenyeji anakalishwa dawati moja na mgeni.

Mhariri, sisi tulio Nairobi tumekalia hadithi hiyo. Nimestaafu baada ya kufundisha Kiswahili katika shule za upili, kisha kwa miaka 15 nikawafundisha jioni watu wazima waliohamia mjini kwa kazi, wakiwamo wa mashirika ya Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Muda wote huo niliandika katika daftari, bila jina la mtu, makosa yaliyonifundisha kitu. Mmoja, daktari mwenye heshima zake, alimwambia bibi aliyetutembelea darasani, "Nimefurahi kukuoa." Herufi moja tu ilimponyoka. Mwingine aliandika insha ya mapishi, akaeleza kwa utulivu: "Nilimkata nyanya vipande vidogo, kisha nikamkaanga na kitunguu." Angeandika "nilizikata" tungekuwa sokoni, kwa kuandika "nilimkata" alitupeleka kwenye mauaji ya bibi yake. Kicheko hicho hakipo katika lugha nyingine yoyote. Kimo ndani ya ngeli zetu, na hakuna mswada wa Uingereza unaoweza kutupatia.

Kwa hiyo darasa nililokuwa nikiliona akilini likizo nzima liko hivi. Yupo mhandisi Mchina aliyekuja wakati wa ujenzi wa reli iliyofunguliwa mwaka 2017, aliyesomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, na ambaye ngeli zote amezihifadhi kuliko yeyote chumbani. Yupo Mkongomani kutoka Bukavu ambaye Kiswahili amekinyonya kwa mama yake, anayesema "batu" pale mwalimu anapotaka "watu", na ambaye kwa haki kabisa anauliza ni nani aliyeamua kuwa cha kwao ni kosa. Yupo mama wa Eastleigh, mfanyabiashara, anayejua kila neno la mauzo na hana haja na sarufi mpaka siku anapopaswa kuhutubia mkutano wa wazazi. Yupo Mtanzania ambaye hakuja kujifunza lolote, amemsindikiza rafiki, lakini hawezi kuvumilia kumsikia mwalimu akimwambia mhudumu "leta chai" badala ya "naomba chai." Na yupo kijana wa Nairobi, mzaliwa wa hapa hapa, aliyetumwa na mwajiri kwa sababu barua zake kwa wateja wa Pwani zimejaa Sheng. Katika darasa hilo hakuna mwenye nyumba. Kila mmoja ana siku yake ya kujua na siku yake ya kuaibika, na mwalimu, ambaye aliwahi kuvishwa monto na sasa ana kalamu nyekundu mkononi, ana siku za kuaibika nyingi kuliko wote.

Sijataja wazo hili ili nilidai kuwa langu. Kanuni za utangazaji nchini huvitaka vituo viwe na kiasi maalumu cha vipindi vya humu nchini, na kila mwaka nasikia vituo vikilalamika kuwa waandishi wa vichekesho wamekwisha. Hawajakwisha. Wapo vyuoni, wapo katika kumbi za maonyesho, wapo mtandaoni wakitengeneza vipande vya dakika mbili kwa simu. Wanachokosa ni mtu wa kuwalipa miezi ya kuandika kabla ya kamera kuwashwa, kama Cleese na Booth walivyotumia muda mrefu juu ya sehemu sita tu, na kuwaachia wasimamishe hadithi inapokuwa imekwisha badala ya kuivuta mpaka ipasuke. Sehemu 12 za Kiswahili zilizoandikwa hivyo zingetosha kutazamwa na vitukuu vyangu.

Daftari lenyewe lina kurasa 212, limeandikwa kwa wino wa buluu, na baadhi ya kurasa zimeliwa na chai. Mjukuu wangu mkubwa ameanza kulipiga chapa tangu wiki jana na amefika ukurasa wa 40. Litakapokamilika nitaacha nakala katika ofisi ya gazeti lako, ukiniruhusu, na mwandishi yeyote wa vichekesho vya Kiswahili anayelitaka alichukue bila malipo.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Buruburu, Nairobi